Tulikwenda Kuonyeshwa Mizuka, Tukaonyeshwa Orodha ya Wagonjwa

Katika mji mdogo wa Weston, jimbo la West Virginia nchini Marekani, lipo jengo la mawe ambalo urefu wake unakaribia robo maili. Ni miongoni mwa majengo makubwa kabisa ya mawe yaliyochongwa kwa mkono katika Amerika Kaskazini. Kwa miaka 130, tangu 1864 hadi 1994, lilikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Leo halina mgonjwa hata mmoja. Anayelipa kiingilio cha kawaida hutembezwa mchana na kuelezwa historia. Anayelipa zaidi huruhusiwa kukesha humo, kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, ili atafute mizuka.

Sisi tulikesha humo usiku mmoja wa mwezi Septemba, pamoja na sahibu yetu tuliyesoma naye madrasa moja hapa Tanga, ambaye sasa ni mkazi wa Columbus, Ohio. Msomaji ana haki ya kuuliza: katibu wa kamati ya msikiti ana shughuli gani na mizuka ya Wamarekani? Jawabu ni kwamba sahibu yetu huyo anafanya kazi katika nyumba ya kuwatunzia watu wenye maradhi ya akili. Wenzake kazini walikata tiketi, wawili wakapata udhuru, naye akatuomba tufuatane naye, kwani tulikuwa wageni wake kwa wiki mbili. Tuliafikiana kabla ya kuondoka kwamba tutakuwa watazamaji tu. Hatutaita chochote, hatutauliza chochote kiitwacho roho, wala hatutaketi katika duara lao. Kuwaendea watabiri na wapiga ramli na kuwasadiki ni jambo ambalo dini yetu imelikataza waziwazi, na hatukuwa na nia ya kulizunguka katazo hilo kwa kisingizio cha utalii. Tuliswali isha kando ya gari, tukaingia.

Kabla ya kuingia humo pamoja na msomaji, yafaa tutengeneze maneno, kwa sababu katika jambo hili Kiswahili chetu kina utajiri unaoleta machafuko. Tunayo majina ya mzuka, mzimu, koma, pepo, jini na shetani, na midomoni mwa watu yote huwa kitu kimoja. Mzimu na koma ni maiti anayedaiwa kuwa angali na haja zake duniani. Jini ni kiumbe mwingine kabisa, ana umma wake na hesabu yake mbele ya Mola wake, na kuwepo kwake ni sehemu ya itikadi yetu. Ama kizuka, wasomaji wa pwani wanajua kwamba ndilo jina tunalompa mjane aliye edani: mwanamke hai, mwenye huzuni, aliyeketi ndani kwa miezi minne na siku kumi.

Kuhusu maiti, itikadi ya Muislamu haina utata. Surat al-Mu'minun inamtaja mtu anayefikiwa na mauti akaomba arudishwe, na harudishwi. Nyuma yake kuna barzakh mpaka siku ya kufufuliwa. Basi anayetuambia kwamba binti aliyefariki miaka mia iliyopita anagonga ukuta akitaka peremende, hatuna sababu ya kubishana naye usiku kucha. Wala tusiharakishe kumcheka. Mwendo mfupi kutoka mjini kwetu, katika mapango ya Amboni, wageni huonyeshwa mahali ambapo watu huacha vitu kwa ajili ya mzimu, nao hupiga picha na kuondoka. Tofauti yetu na wenzetu wa Weston ni umeme na bei ya tiketi.

Wamarekani wameifanya kazi hii kwa muda mrefu. Mwaka 1848, katika kitongoji cha Hydesville, jimbo la New York, mabinti wawili wa ukoo wa Fox walidai kwamba roho ya marehemu inawajibu kwa kugonga. Habari ikaenea, wakapandishwa majukwaani, watu wakalipa fedha kuwasikiliza maiti wao. Mwaka 1888 mmoja wao, Margaret, alisimama mbele ya hadhira mjini New York akaonyesha kwamba sauti ile ilitoka katika viungo vya vidole vya miguu yake. Baadaye aliyakana maungamo hayo, na biashara haikusimama hata siku moja.

Sasa tuingie katika jengo lenyewe. Ujenzi ulianza 1858, wakati eneo hilo lingali sehemu ya Virginia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka 1861 na kazi ikakatika. Mwaka 1863 West Virginia ikawa jimbo linalojitegemea. Mwaka uliofuata wagonjwa wa kwanza wakapokewa, ingawa jengo halikukamilika hadi 1881. Lilijengwa kwa mpango wa Thomas Kirkbride, tabibu wa Philadelphia, ambaye aliamini kwamba jengo lenyewe ni sehemu ya dawa. Zama zake wagonjwa wengi wa akili walikuwa wakitupwa magerezani au kufichwa majumbani. Yeye akataka mabawa ya jengo yapangwe kwa ngazi, moja likirudi nyuma ya jingine, ili kila chumba kipate jua na hewa. Akataka ziwepo bustani za kutembea na kazi za mikono. Na akataka idadi ya wagonjwa isizidi 250. Tuliposimama uwanjani jua likizama, tuliiona fikra hiyo ikiwa imeandikwa kwa mawe. Madirisha ni marefu, korido ni pana. Aliyelichora jengo lile hakuwa na chuki na mgonjwa.

Lakini jengo halina uwezo wa kumzuia anayeletwa mlangoni. Mwaka 1880 wagonjwa walikuwa 717. Mwaka 1938 walikuwa 1,661. Katika miaka ya 1950 walifika 2,400. Mahali pa mtu mmoja palikuwa na karibu watu kumi. Mwaka 1949 gazeti la Charleston Gazette liliandika jinsi hospitali ilivyokosa usafi, samani, taa na joto la kutosha, katika nchi ambayo baridi yake huua. Na ilipofika 1952 jimbo likamkaribisha Walter Freeman, tabibu wa mishipa ya fahamu ambaye hakupata mafunzo ya upasuaji. Njia yake ilikuwa kupitisha chuma chembamba juu ya mboni ya jicho, kukigonga kwa nyundo mpaka kipenye mfupa, kisha kukizungusha ili kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo. Katika muda wa wiki mbili, katika hospitali za jimbo hilo, aliwafanyia hivyo watu 228. Wengine walitulia. Wengine walitulia utulivu wa mtu asiyemjua tena mama yake.

Mwaka 1994 hospitali mpya ilikuwa imejengwa katika mji huohuo, na jengo la zamani likafungwa. Mwaka 2007 likapigwa mnada, mkandarasi mmoja akalinunua kwa dola milioni 1.5, na mwaka uliofuata likafunguliwa kwa watalii chini ya jina lake la kale, Trans-Allegheny Lunatic Asylum. Neno la katikati katika jina hilo ni tusi kwa mgonjwa wa akili, na wapo watetezi wa wagonjwa waliolipinga. Upande wa pili nao una hoja: paa la jengo lilikuwa likivuja, na fedha za watafuta mizuka ndizo zinazolitengeneza. Sisi tuliyaona mabati mapya na kuta zilizopakwa upya, na hatuwezi kusema kwamba hoja hiyo ni ya uongo.

Mwongozaji wetu alikuwa bibi wa makamo, mpole wa maneno, mwenyeji wa mji huo. Alitugawa katika makundi, akatupa kila mmoja tochi, kisha akatutembeza ghorofa kwa ghorofa kabla ya kila kundi kuachwa lifanye utafiti wake. Wenzetu walikuwa na vifaa vingi: vipimo vya nguvu za sumaku na umeme vyenye vitaa vidogo vinavyowaka, vinasa sauti, kamera za kuonea gizani, na tochi za kuzungusha kichwa. Tochi hizo ndizo zilizowafurahisha zaidi. Huzungushwa mpaka pale taa inapozimika tu, huwekwa sakafuni, kisha huulizwa: kama upo hapa, washa. Baada ya muda taa huwaka kweli, na ukumbi mzima hushika pumzi.

Sahibu yetu, ambaye ana tabia ya kutaka kujua kitu kinavyofanya kazi, aliichukua moja baada ya wenyewe kuondoka. Chuma cha tochi hupata joto taa inapowaka, hutanuka, hugusana au kuachana, kinapopoa hurudi. Tochi iliyoachwa katikati ya kuwaka na kuzimika itawaka na kuzimika yenyewe, akiwepo mtu au asiwepo. Kisha akaazima kipimo cha sumaku cha mwenzetu mmoja, akasogeza simu yake iliyokuwa ikitafuta mtandao, na vitaa vyote vikawaka. Mwenye kipimo alicheka, akasema tuondoke, tunaharibu usiku.

Yapo na mambo ya ajabu kuliko hayo ambayo wataalamu wameyachunguza. Mhandisi wa Uingereza, Vic Tandy, alikuwa akifanya kazi katika maabara ambayo watu waliona ina mzuka: huingiwa na hofu, hutokwa na jasho la baridi, huona kitu cha kijivu pembezoni mwa jicho. Katika makala ya 1998 alieleza kwamba sababu ilikuwa feni, iliyotoa mtetemo wa takriban mara 19 kwa sekunde, ambao sikio halisikii lakini mwili unaupokea. Ukiongeza giza, baridi na matarajio ya mtu aliyelipia kuogopa, huhitaji maiti.

Je, sisi hatukuogopa? Mwenye kudai kwamba alipita katika korido ile saa nane za usiku na moyo wake ukatulia kama yuko barazani kwake, huyo tungemshuku. Mlango ulijipiga ghorofa ya tatu, na mwili wetu ulitangulia kuruka kabla akili haijakumbuka kwamba madirisha ya upande ule yamevunjika na upepo unavuma. Tulisoma Ayatul Kursiyy, tukaendelea. Kuogopa giza ni tabia ya mwanadamu na si upungufu wa imani.

Kilichotusimamisha kweli kilikuja mapema zaidi, tena penye taa. Mwongozaji alitusomea orodha ya sababu zilizoandikwa za kulazwa wagonjwa katika hospitali ile kati ya 1864 na 1889. Orodha hiyo ni mashuhuri kwao. Humo imo huzuni. Imo vita. Kimo kifo cha watoto wa kiume vitani. Kumo kuachwa na mume, pumu, uvivu, marafiki wabaya, matatizo ya nyumbani, kupigwa teke la kichwa na farasi, kusoma riwaya, bidii iliyopita kiasi katika dini, na ushirikina. Watu walicheka kwenye riwaya, wakacheka zaidi kwenye farasi. Sahibu yetu hakucheka. Aliuliza sababu hizo zilitoka kwa nani, na bibi yule akamjibu kwamba mara nyingi ni maelezo ya waliomleta mgonjwa: mume, baba, kaka, jirani.

Tangu hapo sahibu yetu akawa mzito wa maneno.

Tulipita katika chumba kilichojaa wanasesere na peremende, ambapo inasimuliwa kwamba yupo mzuka wa mtoto wa kike na wageni humletea zawadi. Tulipita katika ukumbi ambapo kijana mmoja wa kundi jingine alikuwa akipiga kelele na kutukana ukutani ili, kwa maelezo yake, awachokoze wakasirike na wajitokeze. Bibi mwongozaji alimnyamazisha kwa ukali ambao hatukuutarajia. Alisema shangazi yake alikuwa muuguzi katika ukumbi uleule, na kwamba waliolala humo walikuwa watu wenye majina, na wengine wamezikwa kilimani nyuma ya jengo ambako majina hayakuandikwa. Sisi tumefundishwa kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Bibi yule si Muislamu na hajapata kuisikia hadithi hiyo, na alikuwa akiifanyia kazi.

Saa tisa za usiku tulifika katika vyumba vya kuwatengea wagonjwa waliokuwa wakali. Ni vyumba vidogo, mlango mzito, kidirisha juu. Wenzetu waliketi wakaanza maswali yao na kinasa sauti. Sisi tukajitenga chumba cha pili. Sahibu yetu akakipima kwa hatua, kwenda na kurudi. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya mchele:

"Katibu, chumba cha mdogo wangu ni kidogo kuliko hiki."

Sisi tulikuwa tunamfahamu mdogo wake. Alikuwa kijana mwenye sauti nzuri, aliyekuwa amehifadhi juzuu kumi na mbili, na kwa miaka minne tulikuwa tukiambiwa kwamba yuko Mombasa kwa shughuli zake. Hakuwa Mombasa. Alikuwa uani kwao, mitaa miwili kutoka msikitini, mguu mmoja ukiwa umefungwa mnyororo kwenye tendegu la kitanda.

Ilianza alipokuwa na miaka kumi na tisa. Aliacha kulala, akawa anajibizana na sauti asizozisikia mwingine, akasema jirani anamtilia sumu majini, akampiga dada yake. Wazee wakakaa, wakasema ni jini la baharini, kwa kuwa alikuwa akipenda kuogelea magharibi. Akapelekwa kwa mganga wa kwanza, na wa pili, hata wakafika sita. Mmoja alitaka mbuzi mweusi. Mmoja alimchanja kichwani. Wa tatu ndiye aliyeleta fikra ya mnyororo, akidai kwamba jini likichoka kufungwa litaondoka lenyewe.

"Na fedha zote hizo ni zangu," akasema sahibu yetu. "Dola mia kila mwezi. Mama ananiambia, mwanangu, mganga anataka hiki, natuma. Na kazi yangu huku, Katibu, ni kuwapa watu wa namna ileile vidonge vyao saa mbili za usiku. Nawapa kwa mkono wangu. Nawaona wanakwenda dukani, wanacheza karata, wanagombana juu ya televisheni. Halafu asubuhi nakwenda kutuma fedha za mbuzi."

Akatuuliza swali ambalo kila mwenye mgonjwa wa namna hiyo hutuuliza: ni jini au ni ugonjwa?

Tukamwambia kwamba jini linaweza kumdhuru mwanadamu, na wanazuoni wetu wameliandika hilo. Lakini wanazuoni haohao hawakusema kwamba kila anayesikia sauti ana jini. Mtume wetu (s.a.w.) alifundisha kwamba kila ugonjwa umeteremshiwa tiba, akatuamuru tujitibu. Mgonjwa asomewe Qur'ani na mtu mwema asiyetoza wala kudai mbuzi, na apelekwe kwa tabibu siku hiyohiyo. Kisomo hakikatazi kidonge wala kidonge hakikatazi kisomo. Mnyororo haumo katika Sunna, na haumo katika kitabu cha tabibu.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama mambo haya si ya Wazungu. Hapo tulikuwa na mengi ya kumwambia, na tulikuwa na saa mbili za kuyasemea. Tulimkumbusha kwamba Sultan Qalawun alipojenga hospitali yake mjini Cairo mwaka 1284, wagonjwa wa akili walikuwa na mahali pao ndani yake pamoja na wagonjwa wengine. Tulimtajia Aleppo, ambako mwaka 1354 ilisimamishwa hospitali yenye nyua ndogo kuzunguka vijibwawa vya maji, ili mgonjwa wa akili asikie maji badala ya makelele ya soko. Tulimtajia Edirne, alikojenga Sultan Bayezid wa Pili. Jengo hilo lilikamilika 1488, na msafiri wa karne ya 17, Evliya Çelebi, alieleza jinsi wagonjwa humo walivyopigiwa muziki na kupewa maua ya kunusa. Vyote viligharamiwa na wakfu: maduka, mashamba na mabafu yaliyotolewa na Waislamu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Miaka mia tatu na zaidi kabla Kirkbride hajazaliwa, watu wa kibla chetu walijua kwamba jua, maji na neno jema ni sehemu ya tiba ya akili.

Na sheria nayo ilimpa mgonjwa huyo heshima yake. Kalamu imeinuliwa juu yake mpaka apate akili, maana haandikiwi dhambi. Surat an-Nisaa imeamrisha kwamba wasioweza kuendesha mali zao walishwe na wavishwe kutokana na mali hizo, na waambiwe maneno mazuri. Tulimuuliza sahibu yetu ni lini mdogo wake aliambiwa neno zuri mara ya mwisho. Hakujibu, na hatukurudia swali.

Saa kumi na moja kengele ndogo ilipigwa, watu wakakusanya vyombo vyao. Kundi moja lilikuwa limenasa sauti lililodai inasema jina la mtu. Tulisikilizishwa mara tatu, nasi tulisikia mlango. Bibi mwongozaji alituaga kila mmoja kwa mkono. Wakati wa alfajiri ulipoingia tuliswali kwenye majani ya uwanja, mnara wa saa ukiwa upande wetu wa kushoto, na hapakuwa na aliyetusemesha.

Kisha sahibu yetu akapiga simu kwao. Tanga ilikuwa yapata saa saba na robo mchana, mama yake ametoka kuswali adhuhuri. Mazungumzo yalichukua muda, na hatutayaandika yote. Mama hakuwa mkatili. Alikuwa mjane mwenye binti wa kuolewa. "Mwanangu, watu watasema nini? Dada yako ana posa. Wakijua nyumba ina mwendawazimu, nani atamchukua?" Wasomaji wa ukurasa huu wa familia wanajua kwamba swali hilo si la kipuuzi. Linaulizwa katika nyumba nyingi, na ndilo lililomweka kijana yule uani miaka minne, kuliko jini lolote. Sahibu yetu alilia, mama yake akalia, na mwisho akaombwa ami yake aje kwenye simu. Ami ni mtu wa maneno machache. Alisema: "Katibu akirudi aje tukae."

Tulirudi, tukakaa. Tulifuatana na imamu wetu, ambaye alimsomea kijana pale kitandani, kisha yeye mwenyewe akashika nyundo na patasi akakata pingu. Tulimpeleka hospitali kwa bajaji, kijana akiwa katikati yetu na ami, akiyaangalia maduka kama mgeni. Tabibu aliuliza maswali kwa muda mrefu, alipima damu ili kuondoa maradhi mengine, akatoa jina la ugonjwa na kueleza kwamba si laana wala si aibu, bali ni ugonjwa wenye dawa, na kwamba miaka iliyopotea imeufanya uwe mgumu zaidi. Alianzishiwa vidonge, baadaye sindano ya kila mwezi kwa kuwa vidonge alikuwa akivificha chini ya ulimi.

Tunaandika haya kwa idhini ya familia, kwa sharti la kuficha majina, ikiwa ni miezi minane tangu siku hiyo. Analala usiku. Amenenepa, jambo ambalo tabibu alitutahadharisha kwamba ni athari ya dawa. Sauti hazijaondoka zote. Anasema zimekuwa kama redio ya jirani. Juzuu tisa kati ya kumi na mbili bado anazo, nyingine anazirudia kwa imamu baada ya alasiri, na siku nyingine hataki, hakuna anayemlazimisha. Mama yake bado anamfukizia ubani kila Alhamisi, na tabibu hakuona ubaya. Mganga wa mnyororo alikuja mara moja kudai salio lake. Ami alizungumza naye mlangoni.

Tangu hapo kamati yetu imekubaliana na imamu kwamba yeyote anayeletwa msikitini kusomewa kwa sababu ya kuweweseka, kusikia sauti au kutaka kujidhuru, jamaa zake waulizwe pia kadi ya kliniki. Na kama hawana, mmoja wetu huwasindikiza. Mpaka sasa tumesindikiza familia tano. Mbili kati yao zilikuwa zimesema, kama ilivyosemwa kwa kijana wetu, kwamba mtu wao amesafiri.

Ama posa ya dada, ami aliamua waposaji waambiwe ukweli kabla ya kupokewa mahari. Waliambiwa. Waliomba muda wa kufikiri, na hadi tunapeleka makala haya kiwandani hawajaleta jawabu.